Pesa za Kutoona Kitu

Mwezi wa tano, Malindi. Wingu limeketi juu ya uwanja wa ndege
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.
Haruki mtu. Kindege chetu kimefungwa kamba tatu,
na sisi, marubani wa kujirushia wenyewe,
tusio na abiria wala mshahara,
tunakunywa kahawa ya tangawizi kwenye banda la mabati
tukibishana nani alifunzwa vizuri zaidi kutoona.

Ndiyo, kutoona. Kuna cheti chake.

Tima Shebwana alikichukulia Arizona.
Saa arubaini, asema, na kidole chagonga meza kila kumi,
saa arubaini chini ya kofia ya ukingo mrefu
inayokuachia mishale tu mbele yako,
kama ngamia wa kinu cha simsim.
"Na nje?"
"Nje jua. Jangwa na jua."
Hakuwahi kuingia winguni hata mara moja.
Alirudi na cheti kikavu.

Donato kazaliwa hapa hapa, nyuma ya soko la zamani,
baba Mtaliano, mama wa Kakuyuni.
Ulaya walimpa vitabu kwanza:
mitihani saba, sheria za anga, barafu ya mabawa.
Barafu! Anajua inavyoota kwenye bawa,
hatua kwa hatua, kwa mchoro na kalamu ya rangi,
mtu aliyeishi umri wake wote akitafuta kivuli.

Binamu yake Tima, Uingereza, saa kumi na tano basi.
Cheti kidogo, cha nyumbani, hakivuki mpaka.
Lakini mvua kila siku.
"Tulikuwa tukiingia winguni," aliwahi kumwandikia,
"kama mtu anavyoingia jikoni."

Wananigeukia. Na wewe?

Mimi nilifunzwa hapa.
Mwalimu Nyevu Kalama alinikatia kofia kwenye boksi la unga,
maandishi yakabaki upande wa ndani: HIFADHI PAKAVU.
Kila nilipoinua macho niibe upeo
nilikutana na maneno hayo mawili.
Tukaruka, Lamu tukarudi, Lamu tukarudi,
shamba la Mambrui likiyeyuka kwa dakika.
Chini, Sabaki ilikuwa ikimwaga udongo wake baharini;
nilijua kwa kuambiwa.

Siku moja akasema, vua. Nikavua,
na nje hapakuwa na nje.
Weupe. Weupe hadi kwenye kioo, hadi kwenye kucha.
Mwili ukaniapia kwamba tumenyooka.
Masikio yakaapa, shingo ikaapa, makalio yakaapa,
mashahidi wote wa damu yangu,
na mshale mmoja mdogo, wa kiwandani, usionijua,
ukasema: unazama kushoto.
Kwa kadhi ningeshinda kesi ile.
Nyevu hakugusa usukani. Aliuliza tu,
kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya,
"Unamwamini nani?"

Mwenye macho haambiwi tazama.
Nilikuwa nayo. Niliambiwa mara mbili.

Tima haongezi neno; anazungusha kikombe.
Donato ataka kujua mshale ule ulikuwa wa kampuni gani.
Nje mnara wa maji umepata kichwa chake tena,
kisha umekipoteza.

Sikuwaeleza ya jioni ile.
Nilivyofika nyumbani magoti yangali yakitetemeka,
mama yuko kwenye mkeka na ungo wa mchele.
"Haya, huko juu umeona nini?"
"Sikuona kitu, mama."
Akahesabu kwa vidole: shamba,
minazi kumi na saba, mbuzi wawili wa Idi.
"Vyote vile," akasema, "na usione kitu?"
Akacheka mpaka mchele ukamwagika,
nami nikapiga magoti kuuokota,
punje kwa punje, karibu kabisa na macho.